Besi Baada ya Kutaga

Jumatatu, 4 Mei

Mawingu kidogo, upepo hakuna. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Samaki aina ya besi: sifuri.

Daftari hili nililianza kwa mambo ya samaki tu — wapi, saa ngapi, chambo gani. Leo naona linataka na mengine.

Nimetoka zamu ya pampu, sikwenda nyumbani. Nimeshuka moja kwa moja bwawani na fimbo yangu ya kuvulia. Mpima maji wetu alinipita na chupa zake za sampuli, akaniambia najichosha bure. Besi wamemaliza kutaga, majike wamekonda, wamejitenga huko kwenye kina, hawataki kitu. Niwape wiki mbili tatu. Aliyasema kwa roho safi. Halafu akakumbuka anazungumza na nani, akashika njia yake.

Wiki ya tano leo tangu mtoto wetu azaliwe bila kulia. Alishafia tumboni.

Jumatano, 6 Mei

Sifuri tena.

Mke wangu bado amelala kaelekea ukutani. Mama yake anamnywesha supu kijiko kwa kijiko. Nikiingia chumbani anafumba macho. Hajalala — najua anavyopumua akilala. Miaka tisa, nisijue?

Mama mkwe amenisema jikoni, sauti ya chini, huku anasuuza vikombe. Ati anaona nimeoa mke wa pili, bwawa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kule chini angalau wasionitaka ni samaki.

Ijumaa, 8 Mei

Sikwenda kuvua. Nimekifungua kitanda kidogo cha mtoto. Skrubu kumi na mbili. Mbao nilizisimamisha nyuma ya kabati, nikaona bado zinachungulia, nikazipeleka stoo ya pampu. Mke wangu alisikia bisibisi.

Hakuna wa kuja kukilalia. Daktari alitwambia wazi: kizazi kimetolewa. Ama hivyo, ama ningezika wawili.

Jumapili, 10 Mei

Nimepata. Heri nisingepata.

Saa moja asubuhi, karibu na mdomo wa bomba la zamani, maji ya kufika kiunoni. Niliona kama kivuli kinatetemeka. Vifaranga — mamia, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Chini yao, dume. Hana njaa, hata kipofu angeona. Anazunguka tu, anafukuza. Mpima maji aliwahi kunieleza: jike akishataga huondoka, dume hubaki kulea. Nilijua. Na bado nikarusha. Kile chambo cha mpira kilipopita mbele ya wanawe, akakiuma. Hakutaka kula. Alitaka kukiondoa.

Kilo moja na kitu. Mkia umechubuka, mweupe, kwa kufagia kiota. Ndoana ilishika vibaya, nikachelewa kuitoa. Nilipoinua macho, samaki wadogo wa pembeni walishaingia. Wanakula vifaranga mbio mbio, kama watu waliofunguliwa mlango wa karamu. Nikamrudisha haraka. Akalala ubavu kidogo, akajiweka sawa, akaenda pale pale. Akazunguka. Palikuwa hapana kitu. Akaendelea kuzunguka.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka miguu ikafa ganzi. Nyumbani nimesema sikupata.

Jumatano, 13 Mei

Mke wangu amesema. Maneno ya kwanza tangu wiki iliyopita, na hakuniambia mimi. Amemuuliza mama yake mtoto alifanana na nani. Mama mkwe kamjibu hajui, yeye alifika kesho yake, tumeshazika. Kisha akaja kunihadithia mimi sebuleni, akanitazama kwa muda mrefu.

Mimi peke yangu nilimwona. Niandike, basi. Mkunga alimviringisha shuka, akaniwekea mikononi, akaniambia nikae naye kidogo. Nikakaa. Dakika kumi, labda. Niliutazama uso mara moja, nikaufunika. Mke wangu alikuwa bado chumba cha upasuaji. Alipozinduka akaniuliza, nikasema walimchukua upesi, sikumwona.

Uongo ule ulinitoka kama kikohozi. Kikohozi hakirudi kifuani.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Pampu namba mbili imeziba, nimelowa hadi mifupa. Nimerudi nikaambiwa mkunga alipita kutazama mshono. Mshono uko salama. Mke wangu na mama yake wamenyamaza kwa namna mpya.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa ukingoni, daftari gotini.

Mke wangu amekuja. Asubuhi aliamka mwenyewe, akaoga, akavaa sweta langu. Akamwambia mama yake anakwenda kumwona huyo mke mwenza kwa macho yake. Mama mkwe akaingia jikoni, akafunga mlango. Njiani tulipumzika mara mbili, mkono wake kwenye mshono. Nilibeba kigoda. Hakutaka nimshike.

Nimerusha mara kumi, kumi na tano. Hakuna. Akauliza watakula lini. Nikampa maneno ya mpima maji: wamechoka, wiki mbili tatu.

"Na wasipotaka tena kabisa?"

Nikasema sijui. Kweli sijui.

Tukakaa. Mshipi ukanasa kwenye matete, ukakatika, nikauvuta mtupu. Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Mkunga kaniambia ulikaa naye."

Nikaukunja mshipi uliokatika.

"Sina hasira. Hasira ilikuwa juzi. Niambie tu alivyokuwa."

Nikamwomba angoje nifunge ndoana nyingine. Akasema haya. Nikafunga. Fundo likaharibika, nikafunga upya. Kisha nikachukua daftari, kama mtu anayeandika saa na hali ya hewa.

Ndoana imefungwa zamani. Fimbo iko chini. Ameacha kutazama maji, anautazama mkono wangu unaoandika. Nikimweleza uso wa mtoto, itanibidi niseme na kwamba niliufunika.

Nitaanza na nywele. Nywele naweza.