Uso wa Mwene Mbanga

Jumamosi, 7 Juni

Nimesahihisha karatasi thelathini na mbili za kidato cha pili. Historia. Chai, kalamu nyekundu, blanketi miguuni. Mmoja ameandika kwamba wakoloni walikuja Afrika kutafuta baridi. Wangekuja Tunduma mwezi huu wangeipata bure. Nikampa nusu alama kwa kunichekesha, halafu nikaifuta.

Saa nne asubuhi tumepandisha sehemu ya arobaini ya "Wafua Nyota". Katuni yetu hutoka mtandaoni kila Jumamosi: maneno yangu, picha za Atupele, mke wa kaka yangu Lusekelo. Ni hadithi ya wahunzi wa zamani wa huku kwetu. Jiwe la chuma limeanguka kutoka mbinguni, Mwene Mbanga, mtawala wao, anataka lifuliwe upanga, jiwe limefungua mdomo na kusema halitaki. Tunasomwa mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Mpaka jioni, maoni sitini na kitu. Karibu yote ni ya picha. "Mchoraji apewe maua yake." "Mikono ya dhahabu." Mmoja tu ndiye aliyegusa maneno: eti ni mengi, yanaziba picha.

Yanaziba picha! Nimeshinda na sentensi hiyo kutwa nzima.

Jumatatu, 9 Juni

Nimebishana na msomaji wa Dar. Anataka joka letu liwe na mabawa na lipulize moto. Nikamjibu kwamba joka la huku linakaa Ziwa Rukwa, halina mabawa, halipulizi chochote. Linasubiri tu mtu ainame kunawa. Akasema hilo si joka, ni chatu. Nimemfungia asiniandikie tena.

Nimeandika msafara wa chumvi kutoka Ivuna. Atupele kachora vyungu vya kuchemshia chumvi kabla sijamweleza, na kavichora sawasawa, hadi masizi pembeni. Nikamuuliza kajulia wapi. Kwa bibi yake, anasema. Bibi yake! Mimi nilikaa chuo miaka mitatu na cheti kimening'inia sebuleni.

Simpendi. Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Ni mpole, anacheka taratibu, anapika vizuri, anachora vizuri. Mtu wa namna hiyo anachosha.

Alhamisi, 12 Juni

Sehemu ya arobaini na moja ndipo Mwene Mbanga anapoonyesha uso. Kwa sehemu arobaini zote amekaa nyuma ya ngozi ya chui, unaona mkono tu. Wazo langu hilo, na ni zuri. Nimemwambia Atupele: mzee, mkali, kachoka. Asiniletee babu mwenye ndevu nyeupe kama wale wa kwenye kalenda.

"Wifi, nichore uso wa mtu yeyote tu?"

"Yeyote," nikamwambia. "Ilimradi aonekane kaishi."

Mazungumzo yalikuwa jikoni, kwa haraka, maana Baba alikuwa anatoka kuota jua na Atupele ilibidi afunge mlango. Baba anaishi nasi, mimi na Lusekelo na mkewe, tangu Mama afariki, miaka mitatu sasa. Chumba chake kina mlango wake wa uani. Sisi ni Wandali, na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Hamwiti jina, hapiti mbele yake, hakai naye sehemu moja. Chakula anapika yeye, napeleka mimi. Mchungaji anasema mambo haya yamepitwa na wakati. Baba zangu wadogo kule Ileje wanamsikiliza, wanasema amina, wanaendelea.

Kwa hiyo Baba amekula chakula cha mkono wa Atupele miaka mitatu na hajui sura yake. Wanafunzi wangu nikiwasimulia wanadhani ni habari za karne iliyopita. Nawaambia waje nyumbani kwangu.

Jumamosi, 14 Juni

Uso umetoka. Ni mzuri mno, unaniudhi. Niliuona tangu jana na nikatafuta kasoro, sikupata. Wasomaji wameshikwa wazimu. Mama mmoja wa Vwawa anasema ameuweka kwenye simu yake badala ya picha ya mumewe.

Saa tisa binamu yangu wa Itumba akaniandikia: "Dada Sekela, huyu si Baba Lusekelo kabisa? Hadi mdomo."

Nikatoka uani na simu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nikatazama simu, nikamtazama yeye. Kovu la unyusi wa kushoto. Sikio lililojikunja kwa juu. Ule mdomo wa chini unavyotangulia anapotaka kukataa jambo. Baba mtupu. Na mimi mwanawe wa kumzaa nimekaa na picha hiyo siku mbili, nimehesabu hadi shanga za shingoni, sikumwona.

Aibu ilinipata kidogo. Haikukaa. Kilichokuja baada yake kilikuwa kitamu zaidi: mdomo ule huwezi kuuchora kwa kumwona mtu mara moja kwa bahati mbaya. Lazima umtazame. Siku nyingi, na kwa utulivu.

Jumapili, 15 Juni

Nimemuuliza Atupele baada ya kanisa, akiwa anaosha vyombo. Hakukana hata kidogo. Dirisha la jikoni linatazama uani. Kila asubuhi Baba anapoota jua, yeye yuko nyuma ya pazia anamenya viazi.

"Ulisema yeyote, wifi. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikujua ni yeye mpaka nilipomaliza, na nilipojua nikashindwa kuuharibu."

Akapiga magoti, sabuni mikononi. Akaniomba nisimtaje kwa mtu. Ataifuta picha, atachora nyingine, atafanya nitakavyo. Anajua wakubwa wakisikia watamrudisha kwao.

Nikamwambia tutaona.

Utamu wa kusema tutaona! Nililala vizuri kama mtoto.

Jumatano, 18 Juni

Nguo zangu zimefuliwa bila kuagiza. Viatu vya kazini vimepigwa kiwi. Nimemwambia kuanzia sehemu ya arobaini na mbili tuweke picha nne tu, nafasi iliyobaki maneno. Hotuba ya Mwene Mbanga kuhusu asili ya chuma, ukurasa mzima. Akasema sawa, wifi. Nikamwambia Mwene ageuke, tumwone kisogo. Sawa, wifi. Nikamwambia rangi ya anga ni mbaya, nikiwa naiona ni nzuri. Sawa, wifi.

Mwanzoni nilikuwa namtania. Sasa najaribu kuona ataishia wapi. Haishii.

Jumamosi, 21 Juni

Hotuba yangu imetoka. Nimeisoma mara tisa. Kiswahili safi, historia safi.

"Mchoraji anaumwa?" "Turudishieni mchoraji wetu." "Huyu mwandishi ni mwalimu nini? Nahisi kama nitapewa mtihani." Mfanyabiashara wa Nakonde, ambaye kila wiki hutusifu: "Natotela, asanteni sana kwa zile za nyuma, ila hii ya leo nimesinzia."

Nikaingia jikoni nikamkuta Atupele anasoma maoni hayohayo. Alificha simu haraka. Alificha ili nisiumie, nilimwona usoni. Alikuwa ananionea huruma. Yeye, mimi!

Saa kumi nimechukua picha ya Baba ya Krismasi, nikaiweka sambamba na uso wa Mwene Mbanga, nikatuma zote mbili kwenye kundi la ukoo. Sikuandika neno. Baba mdogo mmoja akajibu kwa kuuliza nani kachora. Nikaandika jina lake, herufi saba.

Ningeweza kufuta. Nilikuwa na muda. Nilikaa naangalia wanavyosoma, mmoja mmoja.

Jumanne, 24 Juni

Kikao. Baba wadogo wawili wamefika kutoka Ileje na vumbi lao. Sebuleni: wao, Baba, Lusekelo, mimi. Atupele jikoni, mlango umefungwa, maana mshtakiwa hawezi kukaa alipo mkwewe. Maneno ni lazima yabebwe na mtu. Binti wa nyumba ndiye mbebaji. Mimi.

Yule aliye mkubwa kati ya baba wadogo aliuliza kama ni kweli. Nikaenda jikoni. Atupele alikuwa amesimama katikati, hakushika kitu.

"Waambie ni kweli. Waambie nilimchora kwa heshima. Alikuwa ndiye mwene ninayemjua."

Nikarudi. Nikasema: "Anakiri. Anasema amekosa."

Lusekelo aliinamisha kichwa. Ana ofisi ya mizigo pale mpakani, anapigishana kelele na madereva wa malori kutwa, lakini mbele ya wakubwa wake hana sauti. Wakaongea sana. Kwamba watu wote wa mtandaoni wamemwona mzee. Kwamba kila anayejua mila zetu atajua mkamwana wake alimkodolea macho. Kama ingebaki ya nyumbani wangeimeza. Hili walilisema bila kunitazama.

Baba aliwaacha wamalize. Mwishoni akaomba swali moja lipelekwe. Sauti ilikuwa ndogo.

"Muulize, kwa nini uso wangu."

Nikaenda. Atupele alifikiri kwanza. Machozi yalikuwa yanashuka lakini alinijibu vizuri kabisa, ili nisipoteze neno.

"Mwambie kila asubuhi anavyokaa pale anakuwa kama mtu anayengoja kuitwa. Nilikuwa namuonea uchungu. Mwambie nilitaka aitwe, hata kwenye hadithi."

Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua saba. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Wote wakageuka. Baba alikuwa amesogea mbele kwenye kiti.

"Analia tu," nikasema. "Hasemi kitu."

Baba akarudi nyuma taratibu.

Wameamua. Arudi kwa mama yake, mpaka ukoo wake ulete ng'ombe wa kumwosha mzee aibu na uje kumrudisha kwa utaratibu. Mama yake ni mjane, ana kuku. Kila mtu mle ndani anajua ana kuku tu.

Jumatano, 25 Juni

Ameondoka asubuhi. Begi moja. Lusekelo kampeleka stendi, karudi, hajanisalimia. Atupele kaacha kalamu zake zote mezani kwangu, zimefungwa kwa mpira, pamoja na sehemu ya arobaini na tatu. Imekamilika. Picha nne, maneno yangu yote, kama nilivyoagiza. Anga kaipaka rangi mbaya, badala ya ile nzuri niliyoikataa.

Jumamosi, 28 Juni

Sijapandisha kitu. Wasomaji wanauliza. Nilijaribu kuchora jiwe. Jiwe tu, ambalo halina hata pua. Limetoka kama kiazi kilichokanyagwa.

Nimeshinda. Naandika ili nione neno hilo linavyokaa kwenye karatasi. Halikai vizuri.

Jumapili, 29 Juni

Baridi, lakini jua lilitoka mapema. Nimepika mimi. Maharage yamezidi chumvi. Baba amekula nusu, akafunika sahani, akashukuru.

Nilipotoka na chai nikakuta amegeuza kiti. Zamani alikuwa anatazama geti. Leo alikuwa ameelekea dirisha la jikoni. Pazia limefunguliwa, ndani hakuna mtu.

Nikaweka kikombe kwenye kigoda. Akaniambia nikae. Nikakaa.

"Sekela, siku ile. Yule binti hakusema chochote?"

Hakuwa ananituhumu. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza kama kuna barua.

"Hakusema, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Baadaye akasema, "Tangu mama yako aondoke, nilidhani sina sura tena."

Hatua saba siku ile. Leo hata hatua moja haikuwepo, goti langu lilikuwa linagusa kiti chake. Nikamwambia anywe chai, inapoa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Nikakaa naye mpaka alipomaliza, nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.