Mkono Uliokataliwa Mbale

Nekesa, bibi yangu mdogo,

Huku Bungoma tumeamka salama. Goti la nyanya yako limepona na ameanza kunigombeza tena. Lakini barua yako imenirusha kitini! Ati unavunja harusi kwa sababu baba mkwe wako huko Mbale, Myahudi wa kushika sheria, alikataa mkono wako mbele ya watu?

Ngoja nikwambie. Nilipokuwa dereva Riyadh, tena dereva hodari kuliko wote, nilimfungulia mamake bosi mlango wa gari nikampa mkono ashuke. Akaficha mikono kwenye baibui! Nikawaka. Nikamwambia Rehema, mpishi wetu kutoka Mombasa, "Ananiona mchafu. Halas, yamekwisha, narudi Kenya!"

Rehema akacheka. "Mzee, wewe mama mkwe wako ushamshika mkono?"

"Mimi? Mwiko huo kwetu! Nikimwona njiani naruka kwenye mahindi, hata kama kuna siafu."

"Kwani unamchukia?"

Wee! Nimchukie? Mama mkwe wangu nilimheshimu kuliko chifu. Nikafungua sanduku nililokuwa nimeshafunga, nikatoa nguo.

Sasa wewe mwenyewe umeandika kwamba Ijumaa hiyohiyo ya kukataliwa mkono, kabla jua halijatua, mama mkwe wako alikupa kiberiti uwashe naye mishumaa ya Sabato. Mtu asiyekutaka atakupa moto wa nyumba yake?

Ijumaa hii rudi ukawashe. Siku ya harusi, huyo mzee niachie mimi. Nitamkumbatia mpaka kofia ianguke. Mimi ni mwanamume mwenzake, hana pa kutorokea!

Ni mimi babu yako, mume wako wa kwanza.