Unga wa Mzizi wa Mama

Mnyuzi, Korogwe
12 Machi 1956

Kwa mdogo wangu Swaumu binti Mhina, Mazingara, Handeni.

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto, na lile goti lako? Sisi wazima, ila mimi tangu jana chakula hakipiti. Anayeandika ni mkwe wangu Rosa. Nimemwapisha asilainishe hata neno moja.

Barua yako ilisomwa jana mchana. Umesema lile joto la kukoma damu limekutoka, unalala kama mtoto, damu uliyoiaga miaka minne iliyopita imerudi, na majirani wanakuita bibi harusi. Nikacheka. Rosa akageuza karatasi, akasoma kwamba kwenye ziwa la kushoto umeshika kitu kigumu kama punje ya hindi, hakiumi, hivyo hujali. Swaumu, nilimrudisha asome mara tatu.

Unajua mwaka jana joto langu nililipeleka kwa daktari wa shamba la mkonge. Nilikuwa nalowesha kanga mbili kila nikilala, na mchana nagombana hata na kuku. Akanipa vidonge, akasema vinarudisha kile ambacho mwili wa mwanamke umeacha kukitengeneza. Akaonya: kimoja kwa siku, kwa miezi michache tu, damu ikirudi nije mbio, mwenye uvimbe kwenye ziwa asivionje, maana uvimbe uliopo vinaweza kuulisha. Nikamwuliza, sasa kwa nini anipe kitu cha namna hiyo. Akajibu kwamba joto haliui, lakini asiyelala nusu mwaka naye si mzima, kwa hiyo lazima kupima kipi kizito. Mimi vilinifaa, kisha nikaviacha. Sasa nalala karibu na dirisha, chai naingoja ipoe, pilipili nimeikana.

Lililobaki ni hili. Ulipoapa kwamba binti wa Mhina hanywi dawa ya Mzungu, nilikuonea huruma ya kijinga. Ule unga wa mzizi wa mama niliokutumia mara tatu, niliutwanga mwenyewe, na ndani yake nikasaga vidonge vyangu vilivyobaki, na vingine nilivyoviomba kwa uongo. Mzizi haukukupoza. Ni mimi. Nilikudanganya kwa jina la mama yetu aliye kaburini, wala sikukuuliza ziwa lako likoje.

Mwaga unga wote chooni, usimpe hata jirani. Punje hiyo huenda si kitu. Mimi sijui, wewe hujui, kwa hiyo usiibandike majani. Kesho nakwenda kukiri kwa daktari. Keshokutwa nakuja na lori la mwanangu Muhidini, aliyekuletea barua hii, na siku hiyo hiyo tunarudi wote hospitali. Ukitaka kunipiga, nipige ndani ya lori, tusichelewe.

Msalimie shemeji. Mwambie asidiriki kukuzuia. Namjua tangu hajui kufunga kikoi. Wabusu watoto wote, na yule mkorofi mara mbili.

Ni mimi dada yako anayekupenda kwa ubaya wake wote,
Mwantumu binti Mhina
(dole gumba langu hili hapa)