Mlizamu wa Mbao za Banda la Nguruwe

Bannawel, bondeni,
mwanzo wa mvua

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umeinama shambani, maana nakujua. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya mwaka huu imeziunguza kabichi kama ile ya mwaka jana, au zimepona? Namsalimu pia Minyong, mdogo wangu, ambaye najua ndiye anakusomea haya. Asome polepole, asiruke maneno kama anavyoruka zamu yake ya kuosha vyombo.

Sisi huku ni wazima, ila tumechoka. Gayang ameota meno ya juu, na sasa akinyonya anayelia ni mimi. Mafua hayamtoki kwa sababu ya ukungu wa mto. Mikono yangu imepasuka kwa maji, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya msinicheke. Mume wangu Wasing anakusalimu. Amenikumbusha mara mbili nisisahau kuandika hivyo.

Mama, habari ni nyingi, acha nianzie mbali kidogo. Unajua tangu mgodi umfunike Baldo, kaka yake Wasing, mume wangu hajarudi shimoni. Taa yake ya kichwani niliitundika nyuma ya mlango, na kila alipofunga mlango aliiona. Binamu yao Pablito, yule mkubwa wa kikundi cha shimo, alikuja kwetu na chupa ya pombe kali ya jini na samaki wakavu. Akakaa karibu na moto, akasema nafasi ya Baldo bado iko wazi na mwamba wa safari hii ni mzuri. Wasing alipochochea moto tu, Pablito akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akamuuliza Wasing kama siku hizi ananyonyesha zamu kwa zamu na mkewe. Wenzake wakacheka. Wasing naye akacheka, lakini hakula.

Nilimwona anarudi shimoni kabla hajainuka. Hivyo walipoondoka nilimwomba anipe msimu mmoja tu, huu wa kiangazi, niulishe mto mchanga na mto utulishe sisi. Nilimwambia nitajenga mlizamu wa kuchujia mchanga. Mto ukigeuka rangi kwa mvua na mlizamu wangu ukiwa bado mtupu, aende, sitamshika shati. Akakubali kwa namna ya mtu anayemkubalia mtoto.

Mbao nilizitoa kwenye banda la nguruwe, maana nguruwe wenyewe tuliwachinja wote kwenye msiba wa Baldo. Ubao mrefu chini, mbao mbili pembeni za kuzuia maji, huku wazi na huku wazi. Ndani nikatandika kipande cha zulia walichokitupa kanisani walipoletewa jipya. Juu ya zulia nikapigilia vipande vya mwanzi vimekingama, kimoja baada ya kingine, kama ngazi iliyolazwa. Unauweka kwenye maji yanayokwenda, unamwaga mchanga juu yake. Maji yanaondoka na vyepesi, na kizito kinabaki kimejificha nyuma ya mwanzi. Wasing alinisaidia kuubeba hadi mtoni. Tulipoutua akautazama sana, kisha akaniuliza hilo jeneza ni la panya gani. Nilifurahi, Mama. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu tumzike kaka yake.

Lakini kuujenga kulikuwa rahisi. Kuulaza ndiko kulikonimaliza. Ukiuinamisha sana, maji yanapiga mbio na kufagia kila kitu. Ukiulaza sana, mchanga unajaa nyuma ya mianzi na kuwa mgumu kama wali uliolala. Unaweka kijiwe bapa chini ya kichwa chake, kule maji yanakoingilia, unatoa, unaweka chembamba zaidi. Ukidhani umepata, mvua inanyesha huko juu kwenu, maji yanapanda, unaanza upya. Nilichukua risasi ya kuzamishia nyavu, nikaigonga kwa nyundo hadi ikawa vipande vidogo, nikaitupia ndani ili nione inakaa wapi. Ilikaa vizuri, yote nyuma ya mwanzi wa kwanza. Nikajipongeza. Kumbe risasi ilikuwa nene na kitu cha mto wetu, kile cha masonara, ni chembamba kama gamba la dagaa, kinapanda mgongo wa maji na kwenda zake. Kila jioni nilikung'uta zulia kwenye karai na kupata mchanga mweusi mtupu.

Ng'ambo yangu alikuwa akifanya kazi Bibi Sapeng, yule mjane mwenye kiko, anayetumia karai la mti alilorithi kwa mama yake. Hakuninyima utani hata siku moja. Aliniuliza kama nawaogesha samaki. Siku nyingine akasema maji yangu yana haraka kuliko mimi, labda yana mume anayeyangoja. Nilimjibu kwamba yeye na kiko chake ndio wanaoleta ukungu bondeni. Lakini jioni moja alivuka, akambeba Gayang mgongoni mwake mwenyewe na kuniacha nifanye kazi nimenyooka. Nilipomshukuru akasema hanisaidii mimi, anampumzisha mtoto asisikie ninavyohema.

Basi mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima. Maji yakaanza kuwa na rangi ya chai. Asubuhi moja niliamka nikakuta mfuko umefungwa, blanketi limekunjwa, na taa haipo nyuma ya mlango, iko juu ya mfuko. Nikampa viazi vitamu, akala amesimama. Alipoinama kubusu kichwa cha Gayang, Gayang akapiga chafya.

Unajua Wasing alivyo na mambo hayo, na nani kwetu asiyekuwa nayo. Ukitaka kuvuka kizingiti mtu akapiga chafya, unakaa hadi kesho. Alisimama pale, mfuko begani, akanitazama kana kwamba nimemtia mtoto pilipili puani. Kisha akautua. Akasema ataondoka kesho, na leo atapasua kuni za kunitosha. Nikasikia shoka linaanza nyuma ya nyumba. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka mtoni.

Mama, siku ile zulia halikuwa tupu.

Wasing alishuka kuniita tukale, akakuta nimelikung'uta kwenye karai. Chini ya mchanga mweusi kulikuwa na mstari unaong'aa kama ukucha mpya wa mwezi. Hakupiga kelele, maana hatulitaji jina la kitu kile mtoni, wala hatukishangilii. Alikaa kwenye jiwe huku miguu yake ikiwa majini, viatu bado amevivaa. Akaanza kulia, Mama, Wasing ambaye hakulia hata tulipomfukia Baldo. Akasema: "Mama Gayang, siendi."

Watu wakaona kwamba ameketi vile, wakashuka. Wewe unajua desturi: aliyefika wakati zulia linakung'utwa haondoki mikono mitupu. Wasing mwenyewe aligawa, kwa furaha, kijiko cha mchanga kwa kila mtu. Bibi Sapeng alipopewa chake akakipepeta palepale, akakisogeza karibu na jicho, akakaa nacho sana. Kisha akakifunga kwenye jani la mgomba, akarudi ng'ambo bila mzaha wowote. Jioni ile Wasing alimtuma mtu kwa Pablito kusema atafute mwingine. Taa akaitundika tena, safari hii jikoni, nipikie.

Sasa Minyong, hapa soma kwa sauti ya chini, na kama Baba au kaka wapo karibu, ngoja watoke kwanza.

Mama, kile kilichokuwa kwenye karai ni hereni ya marehemu Bibi, mama yako. Ile ya kushoto.

Usikasirike bado, nisikilize. Niliposhuka mtoni siku ile ya chafya sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilijua kosa la mlizamu liko kwenye mteremko, na risasi haiwezi kunionyesha. Ni kitu chenyewe tu kingeweza kuonyesha kinakimbilia wapi, na kitu chenyewe nilikuwa nacho sikioni. Nilichukua tupa ya Wasing ya kunolea panga, nikasugua ukingo kidogo sana, upande wa ndani usioonekana. Nikanyunyiza chembe zake majini. Zote zikapita, nikaona zinametameta zinavyotoka mkiani na kwenda. Nikatoa kijiwe kimoja, nikasugua tena. Safari hii baadhi zilikaa, nyingine zikaenda. Nikasema basi, inatosha. Halafu nikasikia shoka kule juu limenyamaza, maana yake kuni zimekwisha, na kesho haina chafya nyingine. Nikatoa kijiwe tena na kusugua tena. Mlizamu ulikuwa unakula, Mama, kama mtoto mwenye njaa, na mimi nilikuwa nalia na kuulisha. Mwisho nikaweka gome jembamba chini ya kichwa badala ya jiwe, nikanyunyiza, na hakuna chembe iliyotoka. Zote zilikaa nyuma ya mwanzi wa kwanza na wa pili, zimetulia.

Nilikuwa nazikusanya nizirudishe nyumbani, nimpelekee sonara aziunganishe. Ndipo Wasing aliposhuka. Nilifungua mdomo nimwambie. Akasema haendi. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Baada ya hapo nilimwona Bibi usingizini. Alikuwa amekaa mlangoni pangu, amelifunika sikio lake la kushoto kwa kiganja kama mtu anayesikia baridi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Bibi Sapeng alivuka siku iliyofuata, wakati Wasing yuko mlimani. Akaweka jani lake la mgomba mapajani mwangu, akasema: "Kitu cha mto huwa kimelambwa na maji, mwanangu. Hiki kina meno ya tupa." Hakuuliza ni cha nani, alikuwa ameshalitazama sikio langu. Akaniambia yeye kinywa chake kina kiko na hakina nafasi ya kitu kingine, lakini mume wangu nimwambie mimi, asije akasikia kwa watu wakati anakunywa.

Sikumwambia siku ile, wala iliyofuata. Nilingoja, Mama, kwa sababu mlizamu ulikuwa umelala sawasawa, na nilitaka niwe na kitu mkononi. Na kikaja. Si kingi, na haking'ai sana: kimefifia, bapa, kingo zake laini, kama Bibi Sapeng alivyosema. Kimekuja kila tulipokung'uta, kidogo kidogo, hadi mto ulipochafuka kabisa. Hapo ndipo nikamkalisha Wasing, nikamweleza yote, nikavua kitambaa cha kichwani nilichokuwa nalifichia, na kumwonyesha sikio.

Akatoka. Nilijua amekwenda kwa Pablito, nikaanza kukunja blanketi lake mimi mwenyewe ili asirudi kulichukua kwa hasira. Aliporudi alikuwa ameloa hadi kiunoni na amebeba mlizamu begani, ameutoa mtoni kabla mafuriko hayajauchukua. Aliuegemeza ukutani kwa uangalifu, na lile gome jembamba alikuwa nalo mfukoni. Akasema ningemwambia, yeye si mtoto. Nikamjibu ni kweli. Akaomba kuona kilichobaki cha hereni, akakiweka kiganjani kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe aliyenitoa mgodini ni bibi yako." Tangu hapo ndivyo anavyosema, na kila akinywa humwaga tone la kwanza chini kwa ajili yake.

Sasa Mama, ninachokuomba. Nimekusanya kilichobaki: ndoano ya hereni, alichorudisha Bibi Sapeng, na chembe ambazo Wasing alizitoa kwa sindano kwenye meno ya tupa. Kilichopungua tutajazia na cha mto. Sonara wa mjini Baguio anasema akiviyeyusha pamoja, hakuna atakayejua kipi ni cha Bibi na kipi ni cha mlizamu. Lakini hereni si yangu peke yangu. Ilitoka kwa Bibi ikaja kwako, na mimi nilipewa nimtunzie Gayang. Siwezi kuyeyusha kitu ambacho Bibi bado anakililia. Ni wewe tu unayeweza kumchinjia kuku na kuzungumza naye, maana wewe ni mwanawe. Mwite kwa jina lake. Mwambie haikuuzwa, na haikupotea kwa ulevi wala kamari. Mwambie kuna mtu anakula chakula leo ambaye angekuwa chini ya mwamba. Kisha uangalie nyongo ya kuku, na uniletee jibu lolote utakaloliona humo, hata kama ni baya. Likiwa baya nitaliacha sikio tupu, nitamvalisha Gayang hiyo moja iliyobaki, na siku akiniuliza nitamweleza.

Nimechoka, Mama, lakini si uchovu ule wa mwanzo. Mvua ikiisha tutaurudisha mlizamu mtoni. Wasing anataka kuongeza ubao. Mpya kabisa, si wa banda tena.

Nisalimie Baba, kaka, na majirani wa shamba la chini. Bibi Sapeng naye anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema tumbaku ya huko kwenu ni nzuri, nawe umeelewa. Gayang anakusalimu kwa meno yake yote.

Ni mimi mwanao anayekupenda na kungoja neno lako,

Darlina

Nilitaka kumkimbizia dereva wa lori la mboga barua hii asubuhi hii. Nilipofika mlangoni Gayang akapiga chafya. Wasing ameinyakua mkononi mwangu, ameiweka juu ya rafu na kusema habari kama hii isiende na chafya. Lori limeondoka. Kwa hiyo itakuja na la kesho, na wewe utalala usiku mmoja zaidi ukiamini hereni zote mbili ziko masikioni mwangu.