Vikombe Arobaini na Viwili Visivyo na Jina

Jumamosi jioni, Iringa. Upepo wa mwezi wa saba umevuma tangu asubuhi na jua halikusaidia kitu. Nimerudi nyumbani Mlandege nikiwa na sweta mbili mwilini na bado nasikia baridi.

Sijui nianzie wapi. Nianze na kosa.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikiokoa vitu vya ile shule ya kijeshi ya zamani, nje ya mji. Shule ilifungwa miaka mingi iliyopita. Sasa majengo yanakarabatiwa yawe chuo cha ufundi, na makorokoro yote ya bohari yalikuwa yanaenda shimoni. Niliomba chumba kimoja, nikapewa kwa sharti kwamba nisimsumbue mtu. Humo nimeweka vitanda vya chuma, masanduku ya mbao, pasi za mkaa, sufuria ambazo mtoto angeweza kuoga ndani, na vikombe arobaini na viwili vya alumini. Sikusomea makumbusho. Mimi ni mwalimu wa historia, na mama yangu alikuwa mpishi wa shule hiyo.

Vikombe ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote. Chini ya kila kimoja mwanafunzi alikuwa amechora jina lake kwa msumari. Nilikaa sakafuni siku nzima nikiyasoma, nikayaandika yote humu kwenye blogu. Picha sikupiga. Nilisema nitapiga siku ambayo mwanga utakuwa mzuri. Mwalimu mzima, ninayewafokea watoto wa watu kila siku kuhusu kutunza ushahidi!

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu kutoka Mbeya. Binti mmoja alikuwa ameliona jina la Ambakisye kwenye orodha yangu, akampa babu yake simu. Ambakisye alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee huyo. Alifariki kwa homa akiwa pale shuleni, mwaka ule wa mwisho kabla haijafungwa. Mwili ulirudi nyumbani, sanduku lake halikurudi, na barua zake ziliteketea nyumba ilipoungua. Mzee aliniambia hana hata herufi moja ya mkono wa mwanawe. Nikamwambia, njoo Baba, ipo.

Nilisema ipo.

Jana nilimwomba Mama anisaidie kuandaa chumba. Ana miaka sabini na minne. Nilimwachia ufunguo, nikaenda kufundisha. Niliporudi alasiri nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono myeupe kwa jivu, amechoka na amefurahi. Alikuwa amesugua vikombe vyote kwa mchanga, jivu na stilwaya, ndani, nje, na chini. Mgeni njoo mwenyeji apone, akaniambia. Vilikuwa vimepangwa mezani kwa mstari, vinang'aa.

Nikageuza kimoja. Nikageuza kingine. Nikageuza vyote.

Nilimshukuru. Sikuwa na ujasiri wa kusema lingine.

Leo asubuhi, kabla basi la Mbeya halijafika, nilikaa mle chumbani na kikombe kimoja na msumari. Ndiyo, nilitaka kulichora upya jina la Ambakisye. Nilikumbuka A kubwa iliyolala kidogo, na mkia mrefu wa y. Nani angejua? Nikachora mstari mmoja, halafu nikaona aibu, nikaviacha vyote mezani.

Mzee alikuja amevaa koti na tai, kofia mkononi, na mfuko wa mchele wa Kyela kwa ajili yetu. Mama alimsalimia kwa Kihehe, naye akaitikia kwa Kinyakyusa, wakacheka. Nikawakatiza. Nikasema jina limefutika, Mama alivisugua vikombe. Nilisema hivyo hivyo, mbele ya mgeni, na kidole nikamnyooshea mama yangu.

Mama alichukua muda kuelewa. Kisha akamgeukia mzee.

"Kuchora kikombe cha shule lilikuwa kosa, Baba. Mtoto anakimbizwa uwanja mzima na mzigo wa mawe mgongoni. Sisi wa jikoni tulikuwaga tunawafutia kabla ya ukaguzi, wasiteseke, nao baadaye wanachora tena. Mkono ulishazoea."

Mzee akauliza kama na mwanawe walikuwa wakimfutia. Mama akasema walikuwa wakiwafutia wote.

"Asante, Mama," akasema.

Halafu akakiona kile kikombe chenye mstari mmoja, na msumari pembeni. Akakichukua, akakaa kwenye kitanda cha chuma, akakiweka gotini kikiwa kimepinduliwa. Akaegesha ncha ya msumari. Nilidhani ataandika. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kusikia mafundi wakipiga nyundo jengo la pili. Mwisho akauweka msumari chini.

"Sikumbuki alikuwa anaandikaje, mwanangu," akaniambia. "Ndiyo maana nilikuja."

Alikunywa chai, akamsifu Mama kwa chai hiyo, akapanda basi la mchana. Nilimwomba achukue kikombe chochote, akakataa. Alisema anaweza akawa anabeba cha mtoto wa mtu mwingine.

Mama sasa yuko jikoni anachambua mchele. Tangu turudi ameniuliza jambo moja tu: kama nitaendelea kumwachia ufunguo. Nilijifanya sikusikia.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema. Miezi hii yote nimewahoji madereva wa shule, walimu wastaafu, hata kinyozi. Mama yangu, aliyepika pale miaka ishirini, sikumuuliza kitu. Nilimpa fagio. Wala sikumwambia kwamba ile mikwaruzo ya majina ndiyo iliyonifanya niviokoe vikombe.

Kesho Jumapili, baada ya ibada, nitamwomba msamaha, nikae naye na daftari, anisimulie habari za wale aliowafutia. Huenda akakumbuka wachache.

Habari za Ambakisye nilishamuuliza Mama, tukiwa njiani kurudi. Akasema hapana, hamkumbuki.