Lakiri ya Konsuli wa Magodoro

Jumatatu, 4 Machi

Kaka amekufa. Nimeandika nione kama nitaamini. Wapi!

Rafu ya ghala ilimwangukia akiwa zamu ya jioni. Na hospitali wameandika kwamba aliyekufa ni Kibonge! Kibonge, binamu yetu, mtoto wa mama mdogo — mzima wa afya, amekaa kwenye kiti changu analia mpaka kamasi. Kadi ya kazi aliyokutwa nayo kaka ilikuwa ya Kibonge. Kaka alinyimwa kibali cha kazi huku ugenini, basi wakawa wanaitumia wawili, huyu asubuhi, huyu jioni. Niliwaambia! Wakanicheka, eti dada mwoga. Msimamizi wa ghala hakuwahi kuitazama picha ya kadi.

Mama bado sijamwambia.

Jumanne, 5 Machi

Mama ameambiwa. Hakupiga kelele. Ameuliza tu mwanawe anakuja lini.

Nikaenda kwa konsuli. Nilitegemea geti na askari — nimekuta duka la magodoro. Bendera yetu ipo, kadogo, kando ya cherehani ya foronya. Mwenyewe ni mzee, mwenyeji wa hapa, suti imemlegea mabegani. Konsuli wa heshima: mshahara hana, muhuri anao. Akanikalisha juu ya godoro lenye nailoni. Kila nikijisogeza, kwaru kwaru. Msiba na aibu juu yake.

Akanieleza pole pole. Anaweza kuthibitisha nakala, kushuhudia kiapo na kufunga jeneza. Kubadili jina hawezi, hilo ni la ubalozi, na ubalozi uko nchi nyingine. Jeneza halipandi ndege mpaka yeye mwenyewe auone uso, aulinganishe na pasipoti, ndipo amwagie lakiri, ile nta nyekundu, juu ya misumari na kugonga muhuri.

Nikamuuliza, na jina likiwa limekosewa hospitali? Akasema basi mwenye jina hilo, kama yu hai, aende polisi akaseme yuko hai. Rahisi hivyo!

Alhamisi, 7 Machi

Kibonge haendi polisi. Akienda, ni jela halafu kurudishwa, na mkewe mimba imefika mwisho. Nimemtukana matusi ambayo mama angeyasikia angenifinya masikio. Ameinamisha kichwa. Halafu akasema:

"Dada, acha nife mimi. Ni karatasi tu."

Yaani kaka asafiri na pasipoti ya Kibonge, na Kibonge abaki na ya kaka. Niwe namwita huyu jina la ndugu yangu mbele za watu, maisha yangu yote! Nilitoka nikaenda kufua shuka za hoteli, zamu isiyokuwa yangu.

Mochwari wamesema mwisho Jumamosi. Baada ya hapo manispaa wanamzika wenyewe, kwenye makaburi ya wasio na mtu. Nimechoka. Sioni pa kushika.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemweleza mama yote kwa simu. Mama mdogo alikuwa ubavuni mwake, maana yeye ndiye atakayepokea jeneza, kama mama wa marehemu. Nilimsikia akikataa. Eti kumpokea mwanawe ndani ya sanduku naye yu hai ni kumchuria, ni kumwitia kifo. Wakavutana huko. Mama akarudi kwenye simu.

"Niletee mwanangu," akasema. "Hata akija na jina la mbuzi."

Basi nimempelekea konsuli pasipoti ya Kibonge. Hakuifungua mbele yangu. Aliniuliza kama nimekula. Laiti angekuwa mkali! Mkali ningemdanganya kwa raha zangu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwenye benchi la mochwari.

Kibonge yuko ng'ambo ya barabara, kofia hadi kwenye nyusi, anatafuna karanga. Maiti anatafuna karanga! Nimecheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Konsuli aliingia na mkoba wake: mshumaa, lakiri, muhuri. Fundi wa jeneza akafuata na nyundo. Nilijipa moyo kwamba mzee macho yamechoka. Lakini ile picha ya pasipoti ina mashavu mawili kama maandazi, na kaka alikuwa mifupa mitupu. Nikangoja nyundo. Haikulia.

Ametoka. Lakiri haijaguswa. Amekaa hapa kando yangu na kusema kwamba aliapa alipopewa cheo hiki, na akigonga muhuri pale ni kuapa tena. Asipogonga — lori la manispaa limeshafika, nalo tunaliona wote wawili. Hakufoka. Amenipa pasipoti ikiwa wazi.

"Mwanangu, sema wewe. Huyu ndiye?"

Nimemwomba anipe dakika, ndiyo nimetoa daftari. Nikisema ndiye, nimemkana ndugu yangu wa tumbo moja. Nikisema siye, hatafika kwa mama. Fundi ametoa kichwa mlangoni, anauliza apige misumari au aende zake.

Simu. Ni mama. Nimepokea, na hii simu yangu mbovu husikika chumba kizima. Anauliza kama kaka nimemvalisha soksi, kwa sababu miguu yake hushika baridi upesi. Na amemtaja kwa jina lake. Lake lenyewe.

Konsuli amesikia. Amechukua pasipoti mkononi mwangu, anasoma jina lililoandikwa, silo alilolitaja mama, kidole chake kinapita herufi moja moja.