Mashine ya Meli

Jumanne usiku

Eti "hiyo ni ya meli"! Duka la kontena linaungua Mwanjelwa, na kwenye gari letu la zimamoto tunayo mashine inayotoboa chuma kwa maji na mchanga, kisha kupuliza maji ndani bila mtu kufungua mlango. Nikaomba ruhusa kwa redio. Afande akanijibu, "Hiyo ni ya meli za ziwani. Mbeya kuna meli?"

Basi tukavunja mlango kwa shoka. Hewa ikaingia, moto ukaruka nje ukamchoma Tusa usoni. Tusa, mwenzangu tuliyefundishwa naye mashine hiyohiyo kule Kyela.

Daktari anasema macho yamesalimika. Namshukuru Mungu, lakini hasira haijaniisha.

Sasa lile kontena, afande, lilifika nchini kwa miguu?